Pazia la Vipimoni

Nchi ya Ulinganifu haimo katika ramani za wasafiri, lakini kila aliyewahi kusimama foleni na karatasi mkononi amekwisha ipitia, walau kwa nusu saa. Ni nchi ya hewa njema na watu wa adabu. Mashariki imepakana na mto Taratibu, ambao huchukua mwaka mzima kufika baharini ingawa bahari iko jirani. Magharibi ina vilima vya Labda. Na kusini lipo bonde la Kando, ambalo wenyeji hulitaja kwa sauti ya chini, kama mtu anavyomtaja ndugu aliyemkopesha sufuria asirudishe. Mji mkuu wake ni Vipimoni.

Waulinganifu waliamini kuwa haki ni kitu chembamba mno, hukatika hata kwa pumzi ya mtu. Kwa hiyo walikipima kila kitu kabla ya kukigusa. Walipima mvua, walipima mkate, walipima kicheko cha harusini ili kisizidi cha matangani kwa kiasi cha kuwaudhi wafiwa. Mtu akila wali mtamu hakusema mtamu; alisema umefika kipimo, akalamba vidole. Hata hivyo, katika vyote vilivyopimwa, hapana kilichopimwa kwa bidii na taadhima kama watoto.

Mtoto akikwama masomoni aliandikiwa waraka wa rufaa, yaani ombi la kwamba wenye maarifa wamtazame, wajue kinachomkwamisha, wamtafutie msaada unaomfaa. Jambo hili lilikuwa jema, na aliyelianzisha Mungu amrehemu. Lakini jema likikaa mikononi mwa wengi huota ndevu. Kwanza ilikatwa shauri kuwa rufaa haiandikwi mpaka mtoto aanguke mtihani miaka mitatu, kwa sababu kuanguka mara moja yaweza kuwa bahati mbaya, na mara ya pili yaweza kuwa mazoea. Mkongojo, walisema, hapewi ila aliye chini. Kisha, kwa kuwa huruma ni rushwa ya macho, wapimaji walitundikiwa pazia zito la hariri nyekundu ili wasimwone mtoto wanayempima. Na kwa kuwa ukali wa sauti huwatisha watoto, maswali yalisomwa polepole na kwa upole, chini kabisa ya koo. Mzazi naye alikatazwa kusema. Mzazi, walisema Waulinganifu, ni shahidi wa mapenzi, na mapenzi hayana mawe ya mizani. Aliruhusiwa neno moja tu mwishoni: "Naridhia." Asiposema kitu, kimya chake kilihesabiwa kuwa ndilo hilohilo.

Sasa, katika kitongoji cha Ukilini aliishi bibi mmoja aliyeitwa Bi Fumbo, msusi wa mikeka, mwenye vidole vyepesi na ulimi mwepesi zaidi. Alimlea mjukuu wake Maizi, binti wa miaka kumi. Surua ilimpitia Maizi alipokuwa na miaka minne. Ilimwachia uhai, lakini haikutoka mikono mitupu, ilikwenda na sehemu kubwa ya masikio yake. Alisikia ngoma, radi na jogoo wa jirani. Maneno ya watu yalimjia kama yametoka chini ya mto wa kulalia. Lakini mtoto huyo alikuwa na macho! Akikutazama usoni unaposema, aliyaokota maneno mdomoni mwako moja moja, kama kuku aokotavyo mtama, wala hakuacha punje.

Alasiri, kazi ya ukili ikiendelea, bibi na mjukuu waliketi uso kwa uso.

"Kitendawili!" alisema Bi Fumbo.

"Tega!"

"Hupanda juu bila ngazi, na akishuka hushuka akilia."

Maizi alifikiri kwa muda wa misuko miwili. "Mvuke. Unapanda kutoka baharini, unashuka mvua."

"Lo! Mke mwenzangu huyu atanimaliza. Nikiwa hai hunibakizii hata kitendawili kimoja cha kujivunia?"

"Tega kigumu, Bibi, acha kuonea huruma watoto."

Mtoto huyo, mwenye kujibu hivyo, alikuwa ameanguka mtihani mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu. Maalim Haraka, mwalimu wa shule ya Ukilini, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wanafunzi tisini, kitabu kinene na mwaka mfupi, na alikimbia katika masomo kama mtu anayevuka barabara yenye moto. Alikuja mwenyewe nyumbani na waraka wa rufaa.

"Furahi, Bi Fumbo," alisema. "Mtoto ametimiza masharti. Ameanguka mara tatu kamili."

"Nifurahi? Maalim, tangu mwaka wa kwanza nimekuambia mtoto hasikii sawasawa."

"Umeniambia, nami nimesikia. Lakini wakati ule alikuwa ameanguka mara moja tu. Ningekwenda Diwanini kwa wapimaji na anguko moja, wangenicheka."

"Na hayo matatu ndiyo watakayokusifu?"

Maalim alitazama viatu vyake, akaomba maji ya kunywa, akayanywa amesimama, akaenda.

Vipimoni, katika Diwani ya Upimaji, walipokewa na Karani Naam, mtu mnene wa kanzu safi, ambaye katika maisha yake hakuwahi kumkatalia mkubwa wala kumkubalia mdogo. Alimwamkia Bi Fumbo vizuri, akafungua jalada.

"Jina la mtoto?"

"Maizi."

"Jina la babu wa babu yake?"

"Nalo linahusu, mwanangu?"

"Lina mstari, mama. Rangi ya mlango wa nyumba yenu?"

"Kijani mvua ikinyesha. Jua likiwaka hauna rangi."

"Nitaandika kijani cha majira. Mtoto amewahi kuogopa mbuzi?"

"Mbuzi ndiye humwogopa yeye. Mwanangu Naam, weka kalamu chini unisikilize. Mtoto hasikii vizuri. Msemeshe umemkabili, atakujibu mpaka uchoke. Andika hilo."

Karani alifunua kurasa, moja baada ya nyingine, kwa moyo safi kabisa. Alipofika mwisho alisikitika kweli. "Mama, humu mna mistari arobaini. Wa masikio hamna."

"Basi andika pembeni."

"Pembeni!" Karani alishtuka kama mtu aliyeambiwa avue kanzu sokoni. "Pembeni pa karatasi ni pa Diwani, mama. Hata mimi sijawahi kupagusa."

Hivyo jalada likafungwa likiwa na mbuzi ndani, masikio yakabaki nje.

Maizi alipelekwa mbele ya pazia, akaketishwa juu ya kigoda. Nyuma ya pazia aliketi Shehe Mizani, Mpimaji Mkuu, mzee aliyeheshimiwa mpaka na paka wa Diwani. Maswali ishirini yalisomwa kwa ule upole uliowekwa na sheria, yakapenya hariri, yakaanguka sakafuni. Maizi aliona pazia halina mdomo. Kwa kuwa alikuwa mtoto wa adabu hakutaka kuonekana hana shughuli, akaanza kuyahesabu maua yaliyotariziwa katika pazia hilo. Alifika mia na arobaini. Bi Fumbo, ukutani, aliukunja ukaya wake wa kichwani mpaka ukawa kamba. Chini ya pindo la pazia aliona jozi mbili za viatu, za Shehe na za Karani; akashangaa kidogo kuona kwamba kila sauti ilipotoka ukumbini, hata kikohozi, viatu vya Karani viligeuka kuvielekea vya Shehe, ndipo Shehe akaguna kuwa amesikia. Lakini siku hiyo alikuwa na mambo mazito kuliko viatu, akaacha.

Hukumu ilisomwa palepale: kimya mara ishirini, mtoto ni Mzito, apelekwe Kando.

Huko Kando hakuna mtoto aliyepigwa wala kutukanwa. Waliketishwa kivulini, wakapewa mchele wachambue mawe, na walipomaliza waliletewa mwingine. Herufi hawakufundishwa, kwa kuwa walikwisha pimwa. Waliingia wakiwa watoto, wakatoka wakiwa na mvi, wakijua mawe tu. Mhuri wa safari ulikuwa ugongwe siku ya saba, mbele ya baraza zima, baada ya lile neno moja la mzazi.

Siku sita hizo Bi Fumbo hakusuka hata shubiri. Maizi alimtazama.

"Bibi, nimekosa nini kule?"

"Hukukosa kitu."

"Mbona midomo yako inatetemeka? Nasoma maneno mawili mawili."

Bibi aligeuza uso upande asiweze kusomwa. Na hilo likamuuma kuliko hukumu yenyewe, maana katika miaka sita hakuwahi kumfichia mtoto huyo mdomo wake. Akamgeukia tena. "Wanataka kukupeleka mbali, nami nimepewa neno moja la kuwazuia, na neno lenyewe ni la kuwakubalia."

Maizi aliuokota ukili ulioachwa, akauweka mapajani mwa bibi yake. "Basi usiliseme hilo. Sema jingine."

"Wataniacha?"

"Bibi, wewe nani amewahi kukunyamazisha?"

Siku ya saba ukumbi ulijaa. Wazee wa baraza walikaa juu ya mikeka, walinzi mlangoni, Maalim Haraka katika safu ya mashahidi akitazama saa. Pazia lilining'inia kwa fahari yake yote. Karani Naam alichungulia pembeni mwake akatangaza: "Mlezi wa Maizi, Diwani inangoja neno lako."

Bi Fumbo alisimama, akamshika mjukuu mkono, akavuta pumzi.

"Kitendawili!"

Na ukumbi mzima, wazee wa baraza na walinzi na mfagizi, wakaitika kwa sauti moja kabla akili hazijaiwahi midomo: "TEGA!"

Ndipo walipotazamana. Sheria za Diwani zilikuwa na umri wa miaka mia mbili, lakini vitendawili katika Ulinganifu vilikuwa na umri wa ndimi. Na ilikuwa mwiko tangu mababu, mtu akisha kuitikia "tega", kumzuia mtegaji. Mzee mmoja alisema, "Lakini ameruhusiwa neno moja," na mwenziwe akamjibu kwa huzuni, "Amesema moja. Sisi ndio tuliomwambia aendelee."

"Haya," alisema Bi Fumbo. "Nina mlinzi mwadilifu. Kwa kuogopa upendeleo amejifunga kitambaa usoni. Na kila akamatapo mtu, humkamata mwenye nyumba."

Baraza likainama kufikiri. Baraza la Ulinganifu halikuweza kuona kitendawili likakipita, kama vile mlafi asivyoweza kupita harufu ya pilau.

"Mbwa mzee!" alisema mmoja.

"Kashindwa," alijibu Bi Fumbo.

"Kufuli lililopata kutu!"

"Kufuli lina kitambaa? Fikiri, bwana, usirushe tu."

"Mkwe wangu!" alisema mlinzi wa mlangoni, watu wakacheka, naye akaapa kuwa hakufanya mzaha.

Nyuma ya pazia sauti nzito ya Shehe Mizani ilisikika: "Usingizi." Bi Fumbo akajibu, "Kashindwa Shehe, kwa heshima zote," na viatu vya Karani vikageuka, na Shehe akaguna kwa uchungu wa mtu aliyekuwa na hakika.

"Mmeshindwa nyote?" aliuliza Bi Fumbo. "Nipeni mji."

Wakanong'ona. Hawakutaka kutoa mji mdogo wakaonekana wachoyo. "Twaa Vipimoni," walisema.

Na aliyepewa mji husikilizwa mpaka atoe jibu. Hilo kila mtoto alijua. Bi Fumbo alijiweka sawa.

"Nilikwenda Vipimoni, nikaupokea, ukanipokea. Nikaona mji mzuri, watu wake safi, hawali kisichopimwa. Nikasema, nina mtoto wangu hapa, masikio yake yamezibika kidogo, nitazamieni. Wakasema, tutamtazama. Nikangoja aanguke mara moja, wakasema bado. Akaanguka mara mbili, wakasema anakaribia. Akaanguka ya tatu, wakanipongeza. Wakaniuliza juu ya mbuzi, nikawaambia ya mbuzi. Wakaniuliza juu ya mlango, nikawaambia ya mlango. Ya mtoto hawakuniuliza. Nilikuwa nayo yote hapa," akajipiga kifua, "miaka sita ya kumtazama akila, akilala, akicheka, nikarudi nayo nyumbani kama nilivyokuja. Kisha wakamketisha mtoto anayesikia kwa macho, wakajifunika, wakamnong'oneza. Aliponyamaza wakasema hana kitu. Wakubwa wangu, mkimwendea kipofu na picha, na kiwete na ngoma, na kiziwi na mnong'ono, nani hapo aliyepimwa?"

Maalim Haraka alikuwa ameacha kutazama saa.

"Nikauacha mji wenu, nikautoa, nikawarudishia. Na jibu ni..." Hapo sauti ya bibi ilikatika, machozi yakamwahi, akalisema neno kwa pumzi tu. Safu ya mbele ilisikia. Karani Naam alisikia, na kwa mara ya kwanza tangu kuzaliwa hakujua la kusema. Mkono wake ulikuwa umelishika lilelile lililotajwa.

Nyuma ya pazia kulikuwa na msukosuko. "Amesema nini?" aliuliza Shehe. Kimya. "Naam, jibu lake nini?" Kimya tena. "Ewe Naam! Mbona umefumba mdomo? Nitalala vipi leo bila jibu?"

Subira ya Shehe Mizani, iliyohimili dhiki za miaka thelathini ofisini, haikuhimili kitendawili kisichoteguliwa. Mkono wenye pete ulitokea, ukalishika pazia, ukalivuta mpaka mwisho wa fimbo yake, na Ulinganifu ukamwona Mpimaji Mkuu: kizee kidogo, kiganja nyuma ya sikio, shingo imenyooka mbele, macho yakitafuta midomo ya watu kwa hamu.

"Mama," alisema, "rudia. Nikuone."

Lakini Bi Fumbo alikuwa hawezi. Maizi akamwachia mkono, akazipanda ngazi mbili, akasimama mbele ya mzee. Akafungua kinywa vizuri, kama alivyopenda yeye kufunguliwa.

"Jibu ni pazia, Babu."

Shehe alimtazama mdomo. Uso wake ukafunguka wote. "Pazia! Kweli bwana, pazia!" Akapiga paja lake, akacheka, kisha kicheko kikamwisha taratibu alipogundua ni pazia lipi.

"Babu," alisema Maizi, "na wewe huyaokota?"

"Niokote nini?"

"Maneno. Midomoni."

Mzee alitazama ukumbi, akamtazama Karani Naam aliyemfichia aibu hiyo miaka kumi kwa mapenzi, akarudi kwa mtoto. Angeweza kukana, alikuwa na cheo cha kutosha. "Na wenye masharubu," alisema kwa sauti ya chini, "hunitesa sana."

"Wenye masharubu wabaya," alikubali Maizi. "Watazame mashavu, Babu. Mashavu hayana nywele nyingi."

Waliendelea hivyo kwa muda, wawili hao, wakipeana siri za kazi mbele ya watu mia tatu, wala hapakuwa na swali lililoanguka sakafuni. Karani Naam alihesabu: Shehe alimwuliza mambo ishirini na sita, akajibiwa yote, na katika mawili mtoto alimsahihisha. Kisha Mizani aliomba jalada, akageuza ukurasa wa mwisho, akachovya kalamu, na mbele ya macho ya Karani aliyekaribia kuzirai akaandika pembeni.

Hukumu ya Kando ilifutwa. Diwani ikaamua kuwa tangu siku hiyo mpimaji atamwendea mtoto palepale akwamapo, wala hatasubiri aanguke. Na kwamba maneno ya mlezi yataandikwa kwanza, kabla ya mbuzi. Wengine walipendekeza iundwe kamati ya kupima jinsi ya kuacha kupima. Ulinganifu ni Ulinganifu, haubadiliki kwa siku moja. Lakini tume ya watu watatu ilitumwa bondeni Kando kuwasemesha wachambuaji mchele mmoja mmoja, na barua zake za kwanza zilipofika Vipimoni, wazee wa baraza walizisoma wakiwa wamevua kofia.

Wiki iliyofuata Shehe Mizani alikwenda shuleni Ukilini. Aliketi juu ya benchi la watoto, magoti yakamfika kidevuni, akasikiliza somo la hesabu tangu mwanzo hadi mwisho. Maalim Haraka alitoka jasho. Aliandika kwa kasi ya ajabu, akaeleza kila kitu alichoandika, akafuta, akaandika tena, akaeleza. Lilipokwisha, mzee alimgeukia Maizi.

"Umelielewa?"

"Nusu."

"Nami robo. Sasa niambie, mjukuu wangu, upewe nini? Diwani ina ghala zima la vyombo. Ipo pembe ya kusikilizia, kipo kiti cha mbele, yupo mwalimu wa peke yako. Taja."

Maizi aliona haya. Alimtazama bibi yake, aliyekaribishwa darasani na kuketi karibu na mlango. Bibi akamwitikia kwa kichwa.

"Pembe nitaijaribu," alisema. "Lakini kwanza... Maalim anapoeleza, aache kuuelezea ubao. Atuelezee sisi."

Maalim Haraka alisimama na chaki mkononi. Aliifikiria miaka yote aliyofundisha, akauona ubao tu, mweusi, na mkono wake ukienda mbio juu yake. "Nageuka hivi?" aliuliza.

"Hivyo hivyo," alisema Maizi.

Akageuka. Akalirudia somo lote upya, polepole, uso wake kwa darasa. Na katika safu za nyuma watoto watatu, ambao hawakuwa na jalada lolote Vipimoni, waliinua vichwa.